Vigamba Vilivyotazama Kushoto

Kule maabara walimwita Mama Chembe, na kazi yake ukiisikia utacheka: kuchambua tope. Haya, cheka, ukimaliza usikilize. Tope lenyewe lilichimbwa chini kabisa ya bahari, na ndani yake mna vigamba vya viumbe wadogo kama punje ya chumvi, waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Wengine walipenda maji ya joto, wengine ya baridi. Mama Chembe huvitenga kwa brashi na hadubini, wataalamu wakahesabu, ndipo wakajua bahari ya kale ilikuwa na joto gani, na hii yetu inapata moto kwa kasi gani. Akichanganya, hesabu yote imeharibika.

Meza ya pili alikaa wifi yake, dada wa mumewe. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi, na siku haikuisha hawajataniana.

Basi Mama Chembe akapata mtoto wa jicho. "Kitinda mimba wangu huyo," alijisemea, lakini aliogopa kufukuzwa, akanyamaza. Mwaka mzima akawa anachambua kwa kubahatisha mpaka siku alipoukosa mlango akagonga ukuta. Wenzake wakampeleka kufanyiwa upasuaji.

Jamani, kuona raha! Aliporudi aliona hadi vumbi la kwenye feni, akamshukuru Mungu kwa vumbi. Mara akakumbuka visahani vya vigamba alivyopanga akiwa haoni. Akavitoa kabatini, akaviweka chini ya hadubini, tayari kwa aibu.

Kosa halikuwepo hata moja. Vya joto huku, vya baridi kule. Ila vyote vilitazama kushoto, na yeye miaka yote huvilaza kulia.

Humo ndani mwenye shoto alikuwa mmoja tu.

"Wifi," akaita, "nani amegusa kazi yangu?"

"Nani athubutu, na huo mdomo wako?"

"Vimetazama kushoto."

Wifi akaweka brashi chini. "Ulikuwa ukitoka, nabaki kidogo navipanga upya. Ningekwambia, ungeacha kazi siku ileile. Halafu mimi humu ningemtania nani?"

Mama Chembe akamkumbatia, machozi yakimtiririka. "Mwaka mzima, wifi! Mwaka mzima hukusema! Nikushukuruje mie?"

"Kwa kuacha kulia," wifi akasema, naye anajifuta. "Macho yenyewe bado mapya."