Kireno Nilichojifunza Gulwe

Juzi, rafiki yangu, mwalimu wetu wa Kireno hapa Dodoma mjini alitutaka tuseme "nyumba ndogo". Ni kozi tuliyopelekwa na ofisi, na kitabu chake kimeandikwa kwa wanaojua Kiingereza, basi wenzangu wote wakatanguliza udogo kabla ya nyumba. Mimi nikasema "casa pequena", nyumba kwanza, kama kwetu.

"Umejifunzia wapi wewe?" mwalimu akauliza.

Nikajibu, Gulwe. Darasa zima likacheka.

Kule Gulwe, kijijini nilikokulia, ng'ambo ya reli alikaa jirani yetu, bibi mmoja kutoka Msumbiji. Mumewe, fundi wa reli, ndiye aliyemleta, kisha akafariki akamwacha hana hata mtu mmoja wa kuongea naye lugha yake. Basi akaongea na mimi, mtoto wa kike wa miaka tisa. Nikishatua ndoo ya maji ya korongoni nilikimbilia kwake kumenya karanga, mlenda ukichemka jikoni na kile chungu chake cheusi kikirusha kifuniko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, sentensi!"

"Eu como amendoim," nilisema, mimi nakula karanga, na kweli nilikuwa nazitafuna.

Kilichonisumbua ni "sou" na "estou". Alinieleza mara nyingi, bila kuchoka. "'Sou' ni mimi ni. 'Estou' ni niko. Mimi ni mjane. Niko Gulwe. Umeona?"

Masika moja akaugua. Homa ilipopanda, Kiswahili kikamtoka chote. Wanawake waliomuuguza walidhani anaweweseka tu, lakini mama akaja kunitoa shuleni.

"Njoo utuambie anataka nini."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa akirudia maneno yale yale, kwa sauti nyembamba ya kitoto: "Onde está a minha mãe?" Mama yangu yuko wapi?

Nikawatazama wakubwa. Ningewaambia nini? Nikamjibu kwa sentensi niliyoiweza: "Está em casa." Yuko nyumbani. Akanishika mkono, akatulia.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anataka maji."

Wakamnywesha. Alfajiri yake akafariki. Mama alikufa akiamini kwamba nilitafsiri sawasawa, nami sikuwahi kumwambia vingine.

Nyumba ile ilisombwa na mafuriko, na waliomzika wengi wametangulia. Kwao bibi hakuna aliyepeleka habari, maana aliyekijua kijiji chao alikuwa mumewe peke yake. Sisi tulijua Msumbiji tu, nchi nzima.

Usiku wa juzi nilifungua kitabu cha kozi, somo la kwanza kabisa, nikakuta swali hili: "De onde é a senhora?" Mama, unatoka wapi? Maneno yote nilikuwa nayo tangu utotoni. Mwaka mzima na zaidi nilikaa mlangoni kwake, nikamuuliza jina la kila kitu kilichokuwamo ndani, na hilo sikumuuliza.