Uzi wa Samawati Chini ya Mto wa Madam

Katika ile katuni ya Kijapani wachawi ni wasichana wadogo, wanafunzi wa shule iliyojengwa juu ya mlima wa theluji, na hawana fimbo wala ufagio. Wana uzi. Kila mmoja huvaa uzi wake kiunoni, na akitaka jambo litokee hufunga fundo, hulipulizia, kisha husubiri. Fundo likiwa safi, jambo linatokea. Fundo likiwa ovyo, kinatokea kinyume chake. Hiyo ndiyo sheria nzima ya ulimwengu wao. Mimi niliielewa siku ya kwanza, kwa sababu nimeishi chini ya sheria kama hiyo tangu utotoni na sijui ni nani aliyeniwekea.

Nilikuwa nafanya kazi za nyumbani Muaither, pembezoni mwa Doha. Kazi yangu hasa ilikuwa mtoto, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Baada ya chakula cha mchana alilala kifudifudi kwenye zulia akatazama wachawi wake, nami nikakaa nyuma yake nikikunja nguo. Katuni ilikuwa imetiwa sauti za Kiarabu, kwa hiyo nilifuata kwa macho, na nisipoelewa alinieleza kwa Kiingereza bila kugeuza kichwa. Haikuchukua muda nikawa mimi ndiye ninayeuliza kama kuna sehemu mpya.

Mimi ni mtu wa kurudiarudia. Nikitandika kitanda nakitandua nikitandike tena. Kusuka nywele, kufuma, kusokota nyuzi za mapambo, vyote nilijifunza mwenyewe kwenye simu nikiwa kwetu Nakuru, baada ya kukosa karo ya chuo. Kwa kuwa sikuwahi kuwa na mwalimu wa kuniambia hapo inatosha, mpaka leo sijui inapotosha. Katika ile katuni kuna mchawi mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye hulifungua fundo lake hata baada ya kusifiwa, alifunge upya. Mtoto alimcheka sana.

"Ni wewe huyo," aliniambia.

Sikucheka. Nilihisi nimeonekana.

Mwaka ule madam alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa ya taabu. Siku moja alipelekwa hospitali na daktari akamzuia kutoka kitandani. Nyumbani tukabaki mimi, mtoto, baba yake aliyekuwa akija na kuondoka, na bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mtu wa ibada, mkimya, na hakuwahi kunitendea ubaya. Naliandika hilo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya aonekane mwingine.

Mtoto akanifuata kwenye chumba cha kufulia akiwa ameficha mkono mgongoni.

"Nimefunga ili Mama arudi," alisema. "Lakini ni baya. Tazama."

Ulikuwa uzi wangu wa samawati, aliouchukua kwenye mfuko wangu wa kufumia, umegeuka donge. Katikati ya donge zilichomoza nywele ndefu nyeusi. Kwenye katuni, anayeitwa arudi lazima nywele yake iwe ndani ya fundo. Alikuwa amezitoa kwenye brashi ya mama yake.

"Ni katuni tu," nilimwambia. "Mama atarudi daktari akimruhusu."

"Likibaki hivi, litatokea kinyume. Tengeneza."

Alinisukumia uzi. Nikauchukua.

Mama yangu mzazi, akitoka saluni, huondoka na nywele zake kwenye karatasi akazichome mwenyewe, asije mtu akazifanyia jambo. Nimekua nikiliona hilo. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua nywele za mtu ndani ya fundo ni kitu gani. Nilijua, ila jambo hilo halikunijia. Nilichokiona mimi ni kwamba zimechomoza na zinaharibu kazi. Nikakaa sakafuni karibu na mashine, nikalifungua donge lote, nikalifunga upya fundo baada ya fundo, nikizificha nywele ndani ya kila moja mpaka hakuna hata ncha iliyoonekana. Mengine niliyarudia mara nyingi. Nilipomaliza, yalikuwa yamelingana kama shanga. Nilifurahi. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nifike Doha.

Mtoto akayapulizia. Akakimbia chumbani kwa mama yake akautupa uzi chini ya mto. Nilimfuata, nikainua mto, nikaunyoosha.

Madam alirudi bila mtoto tumboni.

Wageni walikuja wakakaa na bibi sebuleni, wakanywa kahawa, wakazungumza kwa sauti za chini. Madam hakutoka chumbani. Nilimpelekea supu nikaitoa ikiwa imepoa. Kila nilipoingia nilimkuta ameegemea mto uleule, na nilijua chini yake kuna nini. Nilisema nibadilishe mashuka. Bibi akanijibu kwamba kitanda cha mkwewe atakishughulikia mwenyewe, nisijisumbue.

Mtoto alinivizia jikoni.

"Kuna fundo lililoharibika?"

"Hakuna."

"Uliyatazama yote?"

"Yote."

"Basi mbona mdogo wangu hakuja?"

Nilimwambia mambo ya Mungu, yale tunayowaambia watoto. Alinisikiliza kwa adabu tu, akaondoka.

Nilimweleza dereva wa nyumba ile. Alikuwa Mganda, Mwislamu, mtu wa utani, na alikuwa akiosha gari uani.

"Nyabo, leo umekunja uso kama kitambaa changu cha magurudumu," alisema. Nyabo ni bibiye kwa lugha ya kwao, na aliniita hivyo kunichokoza kwa sababu nilikuwa mdogo kwake. "Una shida ya hapa au ya Kenya?"

"Ya hapa."

Nikamwambia yote. Mwanzoni alicheka. Nilipofika kwenye nywele, akafunga bomba la maji.

"Wakenya nyinyi. Kila kitu mnajifunza kwa simu, isipokuwa kuogopa."

"Ni mchezo wa katuni."

"Na katuni itakuja isimame mbele ya bibi iseme ni mimi? Sikiliza, dada. Kila jioni yule mama anamshika mjukuu wake kichwa anamsomea dua. Unajua anamwombea nini? Kinga. Kinga na watu wanaopuliza kwenye mafundo. Mimi nilifundishwa dua hiyo hiyo kabla sijajua kuvaa viatu. Sasa wewe umefunga, mmepuliza, mmeweka chini ya kichwa cha mwenye mimba."

"Mtoto ndiye aliyepuliza."

"Usiseme hivyo tena," alisema. "Hata kwangu. Utoe tu huo uzi."

"Nitautoaje? Amelala juu yake."

"Basi omba. Kwa dini yako, kwa dini yangu, yoyote itakayowahi."

Hakuna iliyowahi. Asubuhi moja bibi alifanikiwa kumwinua madam kitandani, akabadilisha foronya. Sikusikia kelele. Nilisikia mlango ukifunguliwa na jina langu likiitwa.

Uzi ulikuwa juu ya karatasi laini, maana bibi hakutaka kuugusa kwa mkono. Alitamka neno moja, sihiri, na neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Baba alikuwa amesimama dirishani. Madam alikaa ukingoni mwa kitanda, rangi imemtoka, akautazama uzi, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa mlangoni.

"Si ni ile katuni yake?" alisema taratibu. "Wale wasichana na nyuzi zao. Atakuwa alikuwa anacheza."

Alinifungulia mlango. Mpaka leo namshukuru kwa hilo. Katika hali ile, na maumivu yale, aliutafuta mlango wa kunitoa.

Baba akainama, akatazama kwa makini.

"Mtoto hafungi hivi," alisema. "Tazama. Yote yako sawasawa."

Na kweli. Kama ningeliacha donge, wangeliona ni donge la mtoto, wangelia kidogo, wangelitupa. Kazi ile safi ndiyo iliyoniharibia.

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema mtoto ndiye aliyeanza kufunga, mimi nilimtengenezea tu. Ulikuwa ndio ukweli. Lakini mtoto alikuwa pale mlangoni, ameshika kitasa kwa mikono miwili, akiwaangalia watu wazima wanavyoutazama ule uzi. Walikuwa wanautazama kama kitu kilichoua.

"Ni wangu," nilisema. "Nilifunga mimi."

"Kwa nini?" madam aliuliza.

"Nilitaka urudi."

Alifumba macho.

Bibi akaleta bakuli la maji aliyoyasomea. Mafundo ya namna ile hayakatwi, yanafunguliwa, moja moja, kwa kisomo. Alijaribu kwa kijiti cha meno, akashindwa. Yalikuwa yamebana. Akanisogezea karatasi. Nikapiga magoti mbele ya kitanda nikaanza kuyafungua kwa kucha, na kila fundo lililoachia bibi akasoma, akanyunyiza maji. Nywele za madam zilitoka zikiwa zimejikunja. Macho hayakuacha kazi yao. Nilikagua kila fundo kabla ya kulifungua. Kila moja, hadi la mwisho. Sikupata kosa.

Uzi walikwenda kuuchoma uani. Bibi alitaka polisi waitwe. Madam alisema hapana, aende tu, na akasema mara moja, bila kurudia, kama mtu asiye na nguvu ya kubishana. Mtoto walikuwa wamemwondoa. Dereva ndiye aliyenipeleka kwenye ofisi ya wakala wangu, na njia nzima hakunitania.

Sasa niko hoteli moja ya Al Sadd, hapa hapa Doha, chumba cha mashuka. Kazi inanifaa. Hakuna anayenilaumu kwa kukunja shuka upya. Katuni niliimaliza peke yangu kwenye simu na sikuipenda tena, ingawa sina la kuwalaumu walioitengeneza. Yule mchawi mdogo mwisho wake anahitimu.

Dereva hunipigia akiwa anangoja watu wake. Juzi alipiga akiwa nje ya shule.

"Nyabo, ninaomba msaada. Huyu mtoto ananitesa. Jana kwenye gari aliniuliza, yale mafundo, lililoharibika lilikuwa lake au lako?"

"Mwambie ilikuwa katuni tu."

"Nilimwambia. Akanijibu, kama ni katuni tu, mbona walichoma?"

Nilikuwa nimeshika pembe mbili za shuka.

"Anasema alilifunga vibaya kwanza," aliendelea, "kabla ya wewe. Anasema labda ubaya ulibaki ndani ya uzi. Halali vizuri. Bibi anadhani ni sihiri yako bado inamsumbua, anazidi kumsomea. Mtoto anatoka sasa hivi, naona geti linafunguliwa. Nimwambie nini?"

Ningependa kuandika kwamba nilijibu papo hapo. Nilichelewa. Kwanza niliyaona tena yale mafundo, yote, jinsi yalivyokuwa yamelala kwenye ile karatasi. Nimefanya kazi nyingi mbaya maishani na kila moja naikumbuka kwa aibu. Ile haikuwa mbaya. Ni karibu kazi pekee ambayo sikutaka kuirudia.

"Mwambie lililoharibika ni langu," nilisema. "Lake nililifungua lote, halikubaki kitu. Halafu mimi nikakosea moja."

"Moja lipi? Ataniuliza. Unamjua."

"La mwisho, karibu na ncha. Nililifunga kinyume."

Nilisikia kengele ya shule na watoto.

"Wewe hukosei, nyabo," alisema.

"Mwambie nilikosea."

"Kweli ulikosea?"

"Anakuja? Mwambie."

Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na sauti ndogo ya mtoto ikimsalimu, kisha simu ikakatwa.