Priampu Yangu na Marahaba za Shangazi

Nilipoanza kurekodi nyimbo za Kiluguru za shangazi yangu, sebuleni kwangu Kihonda, sauti yake ilitoka na mvumo kama wa friji bovu. Nikailaumu priampu, kile kikasha kinachoipa nguvu sauti ya maiki kabla haijaingia kwenye kompyuta. Nikakesha na video za Wazungu wakibishana kuhusu vikasha vya bei nafuu, ambavyo kwangu havikuwa nafuu hata kidogo. Mwishowe nikachagua kimoja kilichosifiwa kwa kunasa hata mnong'ono.

Kweli, mvumo ukaisha. Shangazi akafumba macho, akaimba vizuri mno. Lakini kila jirani aliyepita dirishani alimwamkia, "Shikamoo, bibi!" Naye alikatiza ubeti palepale: "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Maharage mmeshavuna?"

Nikamsihi asiitikie. Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo sokoni.

"Nimeamkiwa, ninyamaze? Kisa hicho kikasha?"

Jioni nikamsikilizisha kazi yetu, nikiwa nimenuna. Yeye akatabasamu.

"Hapo kwenye marahaba pametoka safi sana," akasema. "Kikasha chako kina adabu kuliko wewe."