Begani kwa Mama Ajwang

Siku hizi msuli ukikaza vijana hununua dawa ya kupulizia na kurudi kwenye simu. Mwaka 2003, hapa Uthiru, tulikwenda kwa Mama Ajwang, mkandaji.

Waringa, binti wa jirani yangu, alifika kwake akichechemea, na mbio za mchujo zilikuwa Jumamosi. Msuli wa nyuma ya paja ulikuwa mgumu kama kamba. Mama Ajwang akaukanda kwa samli vuguvugu, kisha akamlaza chali na kuuweka mguu huo begani mwake mwenyewe.

“Sukuma!”

“Nitakuangusha, Mama.”

“Kwa kiguu hiki cha kuku? Sukuma! Haya, legea.”

Kila Waringa alipolegea, mguu ulipanda zaidi. Ghafla goti likanyooka kabisa!

Niliwaona pamoja mara ya mwisho Jumamosi hiyo: Waringa akiongoza mbio, Mama Ajwang akikimbia kando ya uwanja, viatu mkononi, akipiga kelele, “Sukuma!”