Krismasi Tuliyoila Matogoro

Watoto wa kituo walinicheka tangu chakula cha kwanza. Nilimwambia mmoja wao, "Nipatie chumvi," na meza nzima ikaacha kula, ikanitazama. Msichana mdogo wa darasa la kwanza, aliyeketi kando yangu, akaninong'oneza, "Dada, huku tunasema naomba chumvi." Nikasema naomba. Chumvi ikaja kutoka pande zote.

Mimi ni Mtaita wa Kenya, nimekulia milimani juu ya Voi. Nilipomaliza chuo cha ualimu wa watoto wadogo nilikaa nyumbani bila kazi, hadi parokia yetu ilipotafuta mtu wa kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto kinachoendeshwa na masista mjini Songea. Mama ndiye aliyesema niende. "Tanzania si ng'ambo," alisema. "Wanasema Kiswahili." Lakini basi lilipoipita Iringa, likaipita Njombe, na bado nikaambiwa Songea iko mbele, nilijua kwamba ng'ambo ndiko nilikokwenda.

Kituo kiko Matogoro, chini ya milima yenye msitu. Asubuhi nyingine nilifungua dirisha nikaona ukungu umelala juu ya miti, na kwa kitambo kidogo mwili ulidhani niko kwetu. Kisha jirani akamwita mwenzake kwa Kingoni, na mwili ukakumbuka.

Desemba shule zilipofungwa, ndugu wa watoto wakaanza kuja. Sikuwa nimejua kwamba wengi wao wana watu. Shangazi mmoja alitoka Mfaranyaki, hapo hapo mjini, kwa bodaboda, akaondoka na ndugu wawili wamebanwa kati yake na dereva, wanapunga mikono kama wanasiasa. Mjomba mmoja alikuja kwa miguu. Kila siku kitanda kingine kilibaki kimetandikwa tu, na sauti bwenini zikazidi kupungua. Wale wasio na wa kuwafuata walicheza uani kama kawaida, lakini pikipiki ikipunguza mwendo langoni, mpira ulisimama.

Yule msichana wa chumvi alikuwa na bibi, kijiji kimoja mbele ya Namtumbo. Mama yake alifariki akimzaa, bibi akamlea mpaka nguvu za jembe zilipomwishia. Kila mkesha wa Krismasi bibi alikuja mwenyewe kumfuata. Kwa hiyo asubuhi ya mkesha ule mtoto alioga kabla ya wote, akavaa gauni lake la njano, akaketi barazani na mkoba mapajani. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Alikataa uji. Alisema atakula kwa bibi.

Mchana Sista mkuu aliniita jikoni. Jirani wa bibi alikuwa amepiga simu: bibi ameteleza njiani akitoka shambani, mguu umevimba, hawezi kusafiri.

"Mwambie wewe," Sista alisema. "Wewe anakusikiliza."

Nilikwenda nikaketi naye barazani. Nilimwambia polepole, nikitafuta maneno laini, nikayakosa. Hakulia. Aliutazama mkoba, kisha akanitazama mimi.

"Na wewe, dada, mama yako mbona hajaja kukuchukua?"

"Kwetu ni mbali."

"Mbali kuliko Namtumbo?"

"Mbali sana kuliko Namtumbo."

Alifikiri, akasogea, akaniegemea. Jioni tulikwenda misa ya mkesha pamoja na watoto waliobaki. Kwaya ilipoanza kuimba, nilitambua wimbo ambao kwetu tunauimba kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, na midomo yangu ikafuata maneno ya nyumbani bila kuniuliza. Nilisikia sauti ya mama ndani yake, jinsi anavyochelewa kidogo kila mwisho wa mstari kwa sababu hataki wimbo uishe. Ilibidi nijifanye namfunga mtoto kamba za kiatu.

Siku ya Krismasi masista walichinja mbuzi, na watoto walikuwa wakiimba "ubwabwa, ubwabwa" tangu waliposikia harufu ya wali. Baada ya kula nilimpigia mama kwa video. Alikuwa jikoni, amezungukwa na shangazi na binamu zangu, akiponda kimanga, mihogo na maharagwe ya sikukuu. Nilijua mihogo ile ilitoka kona gani ya shamba. Nilijua nani angeomba ukoko. Simu ilipitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akinipigia kelele kwamba nimenona, mpaka ikarudi kwa mama.

"Huyo kando yako ni nani?"

Msichana alikuwa amesimama begani kwangu sina habari. "Shikamoo bibi," akasema.

Kwetu salamu hiyo si ya kila siku. Mama alishtuka, kisha akacheka kwa furaha. "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, kwa nini hukuja kumchukua dada?"

Mama aliacha mwiko. Nilimwona akivuta ncha ya leso, akageuza uso kama anayekimbia moshi.

"Ni mbali, mjukuu wangu," alisema alipogeuka. "Na wewe, bibi yako yuko wapi?"

"Hajaja. Anaumwa mguu."

Mama akaniita kwa jina langu la utotoni, lile ambalo hakuna mtu Songea aliyelijua. "Mpeleke huyo mtoto kwa bibi yake," alisema. "Mimi nitakungoja. Mimi ni mtu mzima, najua kungoja. Yeye ni mdogo."

Nilikwenda kwa Sista saa ile ile. Hakubisha. Kesho yake dereva wa kituo alituchukua kwa pikapu, na Sista akatufungia mchele na sabuni za kumpelekea mgonjwa. Mahindi yalikuwa yamefika magotini pande zote za barabara. Baada ya Namtumbo tuliingia njia ya udongo, na matope yalipotushinda, dereva akabaki na gari, sisi wawili tukavua viatu.

Bibi alikuwa barazani, juu ya mkeka, mguu ameuegemeza kwenye gunia. Mtoto hakukimbia kama nilivyotazamia. Alisimama mbali kidogo, akaweka mkoba chini.

"Shikamoo bibi."

Bibi alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Alinyoosha mikono tu. Mtoto akaingia humo, na wakaanza kusema Kingoni, kwa kasi ya mvua, wakikatana maneno, wakicheka, wakilia. Nilikuwa nimeishi na mtoto yule miezi yote hiyo nikimdhani ni mpole. Kumbe alikuwa na maneno mengi namna hiyo, na yote aliyaacha hapa.

Nilipompa shikamoo, bibi aliitikia akaushika mkono wangu, asiuachie.

"Mwanangu, kwenu wamekula sikukuu bila wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi keti. Ule ya hapa."

Nilikula karanga za kuchemsha hadi dereva alipopiga honi kule chini. Mtoto hakunisindikiza, alikuwa anamkanda bibi mguu kwa maji ya moto, na alinipungia mkono akiwa ameinama. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilimwonea wivu pia, wivu wa kweli. Njiani nililia, na dereva, mzee wa watu, akasimama kununua maembe ambayo hakuyahitaji, akachelewa makusudi kuyachagua.

Mwaka wangu ulipokwisha nilirudi, mama akanipokea Voi. Krismasi zote tangu hapo nimezila nyumbani, kati ya watu wangu. Lakini kila Desemba, tukiwa tumekaa sote jikoni, huwa natoka nje kidogo na simu yangu.

Mwaka jana Sista aliniambia kwamba bibi amefariki, wakati wa kiangazi, na kwamba msichana sasa ni mkubwa, ndiye anayewavalisha wadogo nguo za sikukuu. Akampa simu.

"Shikamoo dada," akasema. Sauti imekuwa nzito.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Asante. Huko kwenu mvua inanyesha?"

"Inanyesha."

"Na huku."

Nikaibana simu sikioni. Nilikuwa nikiisikia mvua ya kwao, ikipiga bati la baraza ile.