Niliandika kikopo cha Mutua hakipo, kumbe nilitafuta upande mwingine wa uwanja

Wakuu, salamu. Hii imenipata mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sitaongeza chumvi. Mnivumilie.

Mimi ni fundi wa fridge, nakaa mtaa wa Satellite. Shule niliacha mapema. Ramani na GPS nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na vitabu vya mitumba.

Jirani yangu Mutua ndiye aliyeniingiza kwenye geocaching. Kwa wasioijua: mtu anaficha kikopo mahali, anaweka mtandaoni coordinates, yaani namba za ramani za mahali hapo, wengine wanakitafuta. Ukikipata unaandika jina kwenye karatasi iliyo ndani, unakirudisha palepale.

Mutua alificha vitano hapa Nairobi. Vinne vilipotea. Cha mtaa wa Karen kilienda na ua uliong'olewa.

Kikabaki kimoja, karibu na uwanja wa michezo kule mjini. Kidogo kama ncha ya kidole, kina sumaku.

Mwaka jana figo zikamlaza. Akaniita.

"Fundi, nenda uniangalilie kama bado kipo. Usiniletee hadithi, niletee jibu."

Nilienda Jumamosi tatu. Nilipapasa kila chuma cha ua, nikaweka alama kwenye daftari. Askari wa gate akachoka kunitazama: "Mzee, hiyo fence unaipima ama unaitongoza?"

Jumamosi ya tatu nikaandika mtandaoni kwamba hakipo. Nikaenda kumwambia Mutua.

Mkewe, Mama Ndunge, alikuwa anamfunika blanketi miguuni.

"Sawa," akasema. "Hii Nairobi haimwachii mtu kitu."

Akaomba simu, akakifunga kikopo chake kwenye website yeye mwenyewe, kikatoka kwenye orodha, polepole.

Baada ya wiki mbili tukamzika.

Mwezi uliopita nilikuwa napitia daftari. Nikaona coordinates nilizonakili: dakika 18.250.

Kwenye geocaching, hiyo ni dakika ya ramani, sehemu ya digrii, na desimali zake. Mimi, kwa mazoea ya ramani za zamani nilizojifunzia, nilikuwa nimeingiza dakika 18, sekunde 25. Jibu sahihi ni sekunde 15, kwa sababu .250 ni robo dakika.

Sekunde kumi ni karibu mita mia tatu. Jumamosi zote tatu nilikuwa upande usio wake.

Kesho yake nikaenda. Hata dakika tano hazikuisha. Kilikuwa nyuma ya bango la chuma, kikavu kabisa. Ndani majina sita, la kwanza la Mutua, kwa mwandiko wake wa kulala.

Nikaandika langu, nikakirudisha. Nikakaa ukingoni mwa barabara mpaka mvua ikanifukuza.

Somo nililopata: "sikukiona" na "hakipo" si jibu moja. Nilikuwa na la kwanza, nikatoa la pili. Na Mutua hakuuliza mara mbili, kwa sababu alijua mimi ni mtu wa vipimo.

Mama Ndunge bado hajui. Tukikutana dukani ananishukuru kwa kuhangaika kwa ajili ya mumewe. Naitikia, naangalia chini.

Nawauliza hasa nyinyi mliofiwa na mume au mke: mngetaka kuambiwa, au ninyamaze tu? Andikeni hapa chini. Hata wa kunitukana anitukane, nitasoma zote.