Kutafuta Kipande Kumenifanya Kaka wa Mke Wangu

Mhariri, jina langu lifiche. Wazee wa hapa wakijitambua, shauri yao.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mchimba visima huku Kalamba. Baba alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge kabla ya Uhuru, mimi nikiwa na miaka minne. Akafa bila kuniachia hata karatasi moja. Nimechimba visima kumi na saba kwa mikono hii, vitatu vya wazee wa kamati ya hapa, ile ile inayoniuliza, "Wewe ni wa nani?" Wananiuliza wakiwa wameoga maji yangu!

Bila kipande, yaani kitambulisho, sifiki Ikutha kufanya kazi, polisi wananishika njiani. Nimelala seli mara nne. Ofisi ya wilaya nimeenda mara kumi na moja, karani ananiambia, "Wewe mgeni, leta barua ya chifu." Chifu naye, "Leta ukoo kwanza. Mtu bila ukoo ni mbuzi wa barabarani."

Baba mkwe akanihurumia, akasema ukoo wake utanipokea. Alidhani, kama mimi, ni jambo la karatasi tu. Nikachinja mbuzi, nikaapishwa, chifu akaandika barua. Wazee tisa wa ukoo walikuwepo, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza nimeoa wapi. Midomo ilikuwa imejaa nyama.

Nyama ilipoisha wakakumbuka mila. Wakaja nyumbani, mkubwa wao akamwambia mke wangu, "Mwiitu, binti yetu, huyu sasa ni kaka yako. Kwetu mtu haoi ukoo wake. Funga nguo zako urudi kwa baba yako."

"Kaka yangu? Na hawa watoto watatu nimezaa na nani, na jogoo?"

"Ya nyuma tutayatakasa. Ya mbele ndiyo dhambi."

Mtakaso wenyewe, mjue, ni mbuzi wa pili.

Wamenipa hadi mwisho wa mwezi. Mke asipoondoka, watamwambia chifu kiapo kimevunjwa, na barua yangu ifutwe kabla kipande hakijatoka. Nitarudishwa Msumbiji kwenye vita, nchi ambayo hata salamu yake siijui. Baba mkwe ananikwepa kwa aibu. Mke anasema tuhamie Kilungu tuanze upya, lakini huko pia kuna chifu na wazee wenye meno.

Nishaurini nyinyi mliozaliwa na vipande: niachane na mke nipate nchi, au nibaki naye nisiwe mtu wa popote? Na tafadhali, asiniambie mtu nivumilie. Miaka ishirini na saba imetosha.